Medali Nyuma ya Mlango

Asubuhi Gwantwa alianza kwa masufuria. Aliyasugua kwa majivu na mchanga mpaka akauona uso wake humo, na majirani wa pale Tunduma walimsifu kwa hilo. Kisha alichota mahindi ya kande kwenye debe la bati, akawasha moto, akafungua mlango wa mbele.

Mlango ule ulikuwa na sauti yake. Nyuma yake, kwenye msumari, ilining'inia medali ya marehemu Babu Enoka, aliyopewa kwa kahawa bora enzi alipokuwa akilima Igamba. Mlango ukifunguliwa, au malori ya kwenda mpakani yakipita na kuitikisa nyumba, medali iligonga ubao: ndo.

Bibi Marita, mjane wa Babu, alikuwa na mtoto wa jicho, haoni ila mwanga. Akisikia ndo ile, aliitikia akiwa kwenye kigoda chake, kana kwamba mumewe amebisha hodi.

"Umeamkaje, Baba Jenista."

Halafu alisogea, akaipapasa medali kwa kidole gumba, na siku ikawa imeanza.

Ibada ya kumbukumbu ya Babu ilipokaribia, Gwantwa aliona medali imefifia. Akataka ing'ae siku hiyo. Bibi akiwa kanisani, aliitungua akaisugua kama anavyosugua sufuria, kwa majivu na mchanga. Alipoisuuza, rangi ya dhahabu iliondoka na maji machafu. Yakabaki madini mekundu, na tawi la kahawa lililochorwa katikati karibu lifutike.

Gwantwa aliishika muda mrefu. Aliirudisha msumarini bila kumwambia mtu; Bibi asingeona, ila wageni wa ibada wangeona.

Alimfuata Lucky, mtoto wa Shangazi Jenista, kwenye meza yake ya makava ya simu karibu na mpaka. Lucky alipekua mtandaoni akapata muuzaji wa medali za kumbukumbu. Picha iling'aa, na chini yake paliandikwa kuwa ni dhahabu tupu. Gwantwa aliitazama vizuri.

"Kaka, mbona hawajaonyesha nyuma?"

"Dogo, dhahabu ni dhahabu, mbele na nyuma," alijibu Lucky, akamcheka.

Gwantwa akatoa kuku wake wawili, Lucky akawauza na kuagiza. Kifurushi kililetwa na basi. Medali ilikuwa nyepesi kama kizibo cha soda, na majani yake hayakuwa ya mkahawa. Hata hivyo aliitundika. Ile ya zamani aliizamisha ndani ya debe la mahindi.

Kesho yake alifungua mlango. Ti.

Bibi hakuitikia. Alisimama, akaunyoosha mkono, akaigusa medali, akaurudisha mkono haraka kana kwamba ameungua.

"Siyo yeye," alisema taratibu. "Gwantwa, babu yako amehama."

Tangu siku hiyo Bibi hakumsalimia mtu mlangoni. Alikaa ameuelekea mlango, akisikiliza, na chakula alikionja tu. Gwantwa alijiambia kwamba Bibi atazoea.

Lakini mahindi yalizidi kupungua. Asubuhi moja alipochovya kopo, kitu kiligonga bati ndani ya debe. Ndo. Sebuleni, Bibi aliinua kichwa.

"Umesikia? Yuko jikoni. Anagonga."

Gwantwa alisema ni kopo. Mchana lori lilipita, na debe likagonga lenyewe, hakuna aliyeligusa. Gwantwa alijua fika kilichokuwamo, lakini alirudi nyuma hatua moja. Darasani, wenzake wakiandika, aliisikia ndo ile chini ya dawati. Hata mwenzake alipoangusha rula, aligeuka kuangalia nyuma.

Mwishowe Bibi akasema ibada isifanyike. Alitaka apelekwe Igamba, kaburini, akamwulize mumewe walimkosea nini. Kwa hali aliyokuwa nayo, hata kupanda gari asingeweza. Shangazi Jenista alimsihi akashindwa. Basi akalivuta debe ili achague mahindi ya safari, akaliinamisha juu ya ungo.

Medali ilitoka na mahindi, ikaruka ungo, ikaanguka sakafuni. Ndo.

"Nileteeni," alisema Bibi, mikono mbele. Aliipapasa kwa kidole gumba, machozi yakamtoka. "Amerudi. Amerudi mwenyewe."

Shangazi alishika kichwa kwa hofu. Kama hii imerudi, alisema, basi ile ya mlangoni imewekwa na mtu mwenye nia mbaya. Akaanza kuwataja walioingia nyumbani mwao, akafika kwa Mama Raudha, jirani aliyezoea kumletea Bibi vitumbua. Alitaka akaulizwe, tena mbele ya watu.

Hakuna aliyemtazama Gwantwa. Angenyamaza tu, ingetosha.

"Bibi," alisema, "hakurudi. Ni mimi niliyemficha."

Akaeleza yote: majivu, mchanga, kuku, debe. Lori likapita, na ile ya mlangoni ikalia, ti. Bibi akaagiza iletwe, na Lucky aitwe.

Lucky alipofika alikwaruza ukingo wa medali ile mpya kwa ufunguo. Rangi ya dhahabu ilibanduka kama ganda, chini kukawa kweupe kama kifuniko cha kopo. Akakiri kwamba aliangalia picha tu.

"Hata ya babu yenu ni shaba," alisema Bibi. "Alijua. Siku aliyopewa aliniambia, 'Marita, wamepaka tu, lakini kahawa yangu ilikuwa ya kweli.' Wewe Lucky, mtu akikuuzia kwa picha, mwulize uzito. Aonyeshe nyuma na ukingo. Mwulize chini ya huo mng'aro kuna nini. Asipotaka kujibu, mwachie mali yake."

Kisha akageukia upande alikoisikia pumzi ya Gwantwa.

"Ungeniambia siku ile ile, ningelia kidogo, tukanywa uji, yakaisha. Ulivyoficha, nimefiwa na babu yako mara ya pili, na jirani yetu nusura aitwe mchawi. Ukiharibu kitu, mwanangu, sema kikiwa bado kidogo."

Gwantwa aliomba radhi kwa magoti. Jioni Shangazi alijaza bakuli la mahindi akampelekea Mama Raudha, bila kueleza sababu.

Ibada ilifanyika. Asubuhi iliyofuata Gwantwa alichovya kopo ndani ya debe. Lilikuwa kimya, lakini sikio lake lilisubiri kidogo. Ndipo akaenda kufungua mlango.

Ndo.

"Umeamkaje, Baba Jenista," aliitikia Bibi, akatoa kidole gumba, akapapasa pale ambapo tawi la kahawa lilikuwa.