Diski ya Juu na Diski ya Chini

Kila siku akitoka shule, Deysi Huaroc alivua sketi ya shule, akawapelekea simbilisi majani yao nyuma ya jiko, kisha akaketi mbele ya kompyuta ya mama yake na sahani ya viazi vya kuchemsha mapajani. Simbilisi walipiga kelele kwa sababu ya njaa. Kompyuta ilipiga kelele kwa sababu ya uzee. Deysi peke yake ndiye aliyefanya kazi kimya, na alijiona mtu muhimu sana.

Na kwa kweli kazi ilikuwa nzito. Mama yake, Doña Zósima, ndiye aliyepiga picha za video kijiji kizima cha Chuccapata. Watu wakioana, wakibatiza, wakiezeka nyumba mpya au wakimnyoa mtoto nywele za kwanza, jambo hilo halikuhesabiwa kuwa limetokea mpaka kamera ya Doña Zósima iwe imeliona. Deysi alihamisha picha kutoka kwenye kadi za kamera na kuziingiza kwenye kompyuta, akazipanga, na kadi akazifuta ili zitumike tena.

Sasa, Chuccapata ina mitaa miwili, Juu na Chini, na mwezi wa Septemba, kwenye sherehe ya Bikira Maria, mitaa hiyo hugeuka nchi mbili zisizo na ubalozi. Kila mmoja una bendi yake, sufuria yake ya supu ya kichwa cha kondoo, na wachezaji wake wa ngoma ya chonguinada wenye vinyago vya waya. Hata kanisani huingia kwa njia tofauti. Mwaka uliopita Doña Zósima aliianza video kwa wachezaji wa Juu, na mtaa wa Chini haukumsalimia mpaka Pasaka.

Mwaka huu sherehe ilipokwisha, alinunua diski mbili kubwa, mpya, zinazofanana kama mapacha. Binamu yake Deysi, Wilder, aliyekuwa anasomea kompyuta katika chuo kimoja mjini Huancayo, alikuja kuzifunga ndani ya kompyuta. Alizipachika moja juu ya nyingine, akafuta jasho, akatazama saa.

"Basi la Huancayo linaondoka, na kesho nina mtihani," alisema. "Sikiliza, injinia. Tunaziunganisha hizi kwa mtindo unaoitwa raid. Mama yako anataka zifanye kazi kama kioo. Kila kinachoandikwa kwenye hii, kinaandikwa na kwenye ile. Moja ikifa, nyingine inabaki na kila kitu. Umeelewa?"

"Nimeelewa," alisema Deysi, ambaye alikuwa bado anatafuta kioo kiko wapi.

"Ukiwasha, bonyeza hapa, utaona orodha. Chagua namba moja. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Kwa uhakika?"

"Wilder, mimi si mtoto. Nenda, utaachwa."

Wilder akaenda mbio, na Deysi akabaki na skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Iliorodhesha raid sifuri, raid moja, raid tano na raid kumi, na hakuna aliyemwambia mbili, tatu na nne zilikwenda wapi. Alichagua moja. Kompyuta ikamjulisha kwamba diski zake mbili zitampa nafasi ya diski moja tu.

Deysi akaacha kutafuna. Diski mbili, nafasi ya moja? Hapo kuna mtu anaibiwa! Akarudi nyuma, akajaribu sifuri. Sifuri ikampa nafasi yote ya diski mbili bila kukata hata chembe. Alifikiri. Labda Wilder alisema namba ya kwanza, na namba ya kwanza kwenye orodha ilikuwa sifuri. Au alisema moja. Au alisema kioo. Angeweza kumpigia simu amuulize, lakini baada ya kusema "nimeelewa" kwa sauti ile ya kiprofesa, kuuliza kungekuwa aibu kubwa. Akabonyeza sifuri.

Diski mbili zikaonekana kwenye kompyuta kama diski moja kubwa. Jambo hili lilimchanganya zaidi. Lakini mtoto wa Chuccapata akiona vitu viwili, hana haja ya kuambiwa ni vya nani. Diski moja ilikuwa juu, nyingine ilikuwa chini. Kilichobaki kueleza ni nini? Alifungua folda mbili, akaziita JUU na CHINI, akamwaga ndani yake picha za kila mtaa, akaamini kwa moyo wote kwamba kompyuta ina adabu na itapeleka kila folda mahali pake. Kisha akachukua kalamu ya wino mzito akaandika kwenye diski zenyewe: JUU, CHINI. Mwisho akafuta kadi za kamera, kwa kuwa Jumamosi kulikuwa na harusi.

"Tayari?" mama yake aliuliza akivua kofia mlangoni. "Umefanya kama Wilder alivyokwambia?"

"Vilevile, mama."

Doña Zósima akambusu kichwani. Busu lile lilimkaa Deysi vibaya, kama kofia isiyo yake.

Siku iliyofuata mama alikwenda kupiga picha za ubatizo kijiji cha jirani. Deysi alikuwa hajamaliza viazi vyake Don Eleuterio alipoingia bila kubisha. Don Eleuterio alikuwa mdhamini wa sherehe wa mtaa wa Chini, mtu mnene mwenye sauti ya tarumbeta.

"Binti, mama yako yuko wapi? Hayupo? Haidhuru. Baba yangu, mzee Gumersindo, anaondoka alfajiri kwenda Lima kukaa kwa dada yangu. Daktari amesema moyo wake hauwezi tena milima hii. Na unajua mzee ananiambia nini leo? Amecheza chonguinada tangu ujana, na hajawahi kujiona hata mara moja! Watu wengine wanatazama, yeye yuko ndani ya kinyago. Nataka ajione kabla hajaondoka. Mpwa wangu Yerson ana kompyuta nyingi pale kwenye duka lake la intaneti uwanjani. Nipe picha zetu."

"Nitazinakili, Don Eleuterio, lakini zitachukua muda..."

Don Eleuterio alikuwa ameshainama. Ubavu wa kompyuta ulikuwa wazi, na maandishi ya Deysi yalisomeka vizuri kabisa.

"Kunakili cha nini? Hii si imeandikwa Chini? Si yetu hii?"

"Ni yenu," alikiri Deysi.

"Basi! Nitairudisha jioni. Na hiyo ya Juu sitaki hata kuigusa, isije ikaniambukiza."

Lilikuwa jambo la akili kabisa, na wote wawili waliliona hivyo. Deysi alizima kompyuta, akachukua bisibisi, akamkabidhi diski ya chini. Don Eleuterio akaondoka ameikumbatia kama mtoto mchanga.

Deysi akawasha kompyuta ili aendelee na kazi za mtaa wa Juu. Hapakuwa na mtaa wa Juu. Palikuwa na maandishi mekundu yakisema kwamba muungano wa diski umeshindwa. Alizima, akawasha. Akaupiga ubavu wa kompyuta kofi, dawa ambayo huponya televisheni. Mekundu yalibaki mekundu. Diski ya Juu ilikuwa palepale, haijaguswa na mtu. Iweje mali ya Juu ipotee kwa kuondoka kwa mali ya Chini?

Alimpigia Wilder. Safari hii aibu ilisubiri.

"Umechagua ngapi?" Wilder aliuliza baada ya kumsikiliza.

"Sifuri."

Wilder akasema taratibu, kama mtu anayetembea juu ya mayai, "Deysi. Sifuri si kioo. Sifuri inakatakata kila picha vipande vidogo vidogo. Kipande kimoja inakiweka huku, cha pili kule, cha tatu huku, cha nne kule. Hakuna diski ya Juu wala ya Chini. Kila diski ina nusu ya kila kitu, na nusu yenyewe haisomeki."

"Kwa hiyo... Babu Gumersindo yuko nusu?"

"Wote wako nusu! Diski ikirudi mahali pake, huenda wakapona. Nani anayo?"

"Yerson, wa intaneti."

"Mungu wangu. Akiichomeka, kompyuta yake haitaielewa. Itamwuliza kama anataka iandaliwe upya. Akikubali na kuendelea, sherehe imefutika. Kadi za kamera unazo?"

"Nimezifuta."

Wilder alisema neno ambalo halifai kitabu cha shule, na simu ikakatika.

Deysi alisimama katikati ya chumba. Namba ya Yerson hakuwa nayo. Na hapo wazo likamjia, laini na lenye adabu, kama mgeni anayebisha hodi. Akikubali Yerson, kosa si litakuwa la Yerson? Diski imeharibikia mikononi mwake. Mama hatajua habari za sifuri. Don Eleuterio atamgombeza mpwa wake. Deysi atarudi kwenye viazi vyake.

Kisha akamwona Babu Gumersindo kichwani mwake, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anasubiri kujiona. Miguu yake ikatoka mbio kabla kichwa hakijamaliza kupiga kura.

Kwenye duka la Yerson alimkuta hivyohivyo. Mzee alikuwa amevaa kofia yake nzuri, mikono juu ya fimbo, macho kwenye skrini tupu. Yerson alikuwa ameichomeka diski.

"Inauliza kama niiandae, mjomba."

"Kubali, kubali! Mashine gani hii yenye maswali mengi kuliko polisi?"

"Msibonyeze!" Deysi alipiga kelele toka mlangoni. "Don Eleuterio, msibonyeze! Mtamfuta babu!"

Yerson akarusha mkono kutoka kwenye kipanya kana kwamba kimemuuma. Vijana waliokuwa wakicheza mpira wa kompyuta wakageuka wote. Mbele yao wote, akihema, Deysi akasema: Wilder alimwambia moja, yeye akaweka sifuri, alisema ameelewa, hakuelewa, maandishi ya Juu na Chini aliyatunga mwenyewe, na picha za mitaa yote miwili zilikuwa zimechanganyika ndani ya diski zote mbili.

Don Eleuterio alibadilika rangi.

"Zimechanganyika na za Juu? Yaani baba yangu... miguu yake iko hapa na kichwa kiko kule pamoja na wachezaji wa yule Aquilina wa Juu?"

"Kidogo kidogo, Don Eleuterio. Kidole huku, kidole kule."

Kikatokea kicheko kikavu, cha kukwaruza. Alikuwa Babu Gumersindo. Alicheka mpaka fimbo ikaanguka.

"Miaka yote hiyo Juu wanasema watanipasua nusu," alisema. "Kumbe kazi imefanywa na binti wa Zósima! Haya, niinueni. Twende mkaniunganishe."

Habari katika Chuccapata hutembea haraka kuliko mzee mwenye fimbo. Walipofika nyumbani kwa akina Deysi, Doña Aquilina, mdhamini wa mtaa wa Juu, alikuwa ameshasimama mlangoni, mikono kiunoni. Doña Zósima naye alikuwa amerudi, kamera bado begani. Deysi alirudia maelezo yake kwa mama, na mara ya pili yalikuwa magumu kuliko ya kwanza. Mama alimpa tu bisibisi.

Wilder aliongoza kwa simu. Kila alipouliza "umeelewa?", Deysi alijibu, "Hapana, sema tena." Don Eleuterio alishika tochi. Doña Aquilina alishika waya usimzuie Deysi, huku akilalamika kwamba tochi ya mtaa wa Chini haina mwanga. Diski ikarudi mahali pake. Kompyuta ikawashwa, ikanguruma, ikafikiri, ikafikiri tena.

Folda mbili zikatokea.

Walitazama pamoja, Juu na Chini kwenye benchi moja, jambo ambalo padre hajawahi kuliona. Wachezaji wa Chini walipoingia uwanjani, Babu Gumersindo alisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo cha skrini.

"Yule wa mbele ni nani?" aliuliza. "Anacheza vizuri, lakini bega la kushoto limelegea."

"Ni wewe, baba," alisema Don Eleuterio, na sauti yake ya tarumbeta ilikuwa imekwisha upepo.

Mzee aliutazama mchezo mpaka mwisho. "Rudisha nyuma," alisema. Wakarudisha. Hata Doña Aquilina alikubali kwamba bega halikuwa baya sana.

Wageni walipoondoka, Doña Zósima alinakili kila kitu kwenye diski aliyoazima kwa mwalimu, na mzee akapelekewa nakala yake ya kwenda nayo Lima. Kisha mama akaketi karibu na binti yake.

"Kuchagua sifuri si kosa la kukuadhibu," alisema. "Mimi mwenyewe ningeweza kuichagua. Lakini Wilder alikuuliza kama umeelewa, ukasema ndiyo. Mimi nikakuuliza, ukasema vilevile. Majibu yale mawili yalikuwa uongo, Deysi, na uongo wa namna hiyo ni mbaya kwa sababu unafanana na akili. Watu wanauamini, wanajenga juu yake. Mtu asiyejua anayesema sijui, anapoteza dakika moja ya fahari. Asiyejua anayesema najua, hupoteza vitu vya watu wengine. Leo pale uwanjani umesema kweli kabla haijachelewa. Hilo nitalikumbuka. Jumamosi utakuwa nami harusini, utabeba betri, na kadi zote za kamera utazilinda wewe. Hakuna kufuta mpaka tutazame pamoja."

Mwisho wa wiki Wilder alikuja kuweka ile namba moja. Safari hii hakugusa kitu. Alimweka Deysi kwenye kiti, akasimama nyuma yake, akaanza kueleza upya toka mwanzo, haraka haraka kama kawaida yake.

"Subiri," alisema Deysi, akainua mkono. "Hapo sijaelewa."