Maji Yenye Njaa ya Chokaa

Jumamosi, tarehe 8 Septemba 1973, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Limi binti Bujiku alitoka katika bwawa la kuogelea la klabu ya mgodi wa almasi, nje ya mji wa Shinyanga, nyayo zake zikichuruzika damu. Wenzake wanne walimfuata, nao wamechubuka. Sakafu ya bwawa, iliyokuwa laini kama sahani, ilikuwa imelika na kukwaruza kama msasa.

Saa tano baba yake Limi, mtunza bwawa, alikuwa amesimamishwa kazi.

"Amemwaga asidi," alisema Anatoli, katibu wa klabu. "Hii ni hujuma."

Meneja Athanas alimsogezea karatasi Paskalia, mpimaji wa maji katika maabara ya mgodi. Ripoti ilikwisha andikwa. Ilibaki sahihi yake.

"Sijapima kitu, mzee."

"Tia sahihi. Polisi wanakuja saa kumi."

"Basi nina saa tano za kupima."

"Unajua unazungumza na nani?"

"Najua, mzee. Lakini maji hayajui cheo."

Alitoka bila kuaga.

Alimkuta Bujiku ameketi nje ya ua wa bwawa, kibegi chake mapajani.

"Shikamoo, Baba Limi. Asidi iko wapi?"

"Marahaba. Iko stoo. Madumu yote mawili yana lakiri. Mimi nimkate mwanangu mwenyewe miguu?"

Paskalia aliyakagua. Lakiri zilikuwa nzima.

Anatoli alimfuata. "Kama si asidi, ni Mabula, fundi aliyepiga lipu. Aliiba saruji."

Paskalia alichukua msumari, akakwaruza plasta iliyo juu ya maji. Haikumomonyoka. Chini ya maji, msumari uleule ulizama. Fundi ni mmoja, plasta ni moja. Tofauti ilikuwa maji.

Alichota maji kwenye chupa, akatia rangi, yakawa mekundu. Kisha akadondosha dawa ya kupimia, tone moja moja. Maji yenye chokaa ya kutosha hugeuka buluu baada ya matone ishirini. Haya yaligeuka kwa tone la nne.

"Maji ya bwawa hili hutoka lamboni, ni ya mvua, ni laini mno," alimweleza Bujiku. "Yakikosa chokaa huitafuta, nayo imo kwenye plasta. Ndiyo maana kila mwezi unatia gunia la chumvi ya chokaa."

"Natia. Bwana Anatoli huniletea mwenyewe, limeshafunguliwa."

"Ukiikoroga ndooni, maji hupata joto?"

Bujiku alifikiri. "Zamani yalinichoma mkono. Tangu Juni, baridi tu."

Juni ndipo Anatoli alipoandika barua kwamba maabara isipime tena maji ya bwawa. Paskalia alionja chembe zilizobaki katika gunia la mwisho. Chumvi ya mezani.

Chumvi halisi ilikwenda wapi? Getini kila mtu hupekuliwa, hata soksi. Gunia halitoki. Alizunguka jengo la klabu, na saa nane na robo akasimama mbele ya kichumba cha nyuma. Chini ya mlango sakafu ilikuwa imelowa. Hapakuwa na bomba, wala mvua tangu Mei.

Saa tisa na nusu aliwaita Athanas, Anatoli na Bujiku pale mlangoni.

"Fungua," Athanas alimwambia Anatoli.

"Ufunguo umepotea, mzee."

"Jana jioni Baba Limi alikuona ukifunga," alisema Paskalia.

Athanas aliupiga mlango teke mwenyewe. Ndani palikuwa na magunia matatu yaliyoanza kuyeyuka.

"Chumvi hii hunywa unyevu wa hewa mpaka inachuruzika," alisema Paskalia. Alitia konzi mbili katika ndoo ya maji. "Weka mkono, mzee."

Athanas aliutoa upesi. Maji yalikuwa ya moto.

Anatoli hakukana tena. "Miaka kumi na mitano nimesoma na kuinama ili nipate kadi ya klabu hii," alisema taratibu. "Mwezi niliopewa, mkaifungua kwa watoto wa wachimbaji. Bwawa likifa, tungelijenga upya kwa wenye kadi tu."

"Na mimi nifungwe?" aliuliza Bujiku.

Anatoli hakumtazama.

"Nitazame, bwana. Watoto wataogelea. Nitalitengeneza mimi, hata kwa patasi na mikono."

Polisi walipofika waliondoka na Anatoli. Athanas alisema ukarabati ungesubiri bajeti ya mwaka mwingine. Wachimbaji hawakusubiri. Jumapili, baada ya misa, walikuja sabini, wakaibandua plasta mbovu wenyewe, Mabula akiwaelekeza, na kampuni ikaona haya, ikatoa saruji.

Bwawa lilijazwa Novemba. Paskalia alihesabu matone ishirini na mawili. Bujiku akafungua geti, watoto wakapita mbele ya meneja mbio, na hakuna aliyeulizwa kadi.