Kadi ya Kenge

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Chapuchapu alikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine mtaani aliyekuwa nayo. Alipima joto la jiwe la kenge. Jina la Chapuchapu alipewa na baba yake, maana vyombo aliviosha chapuchapu, alifagia chapuchapu, na mara nyingi ilibidi arudie vyote viwili.

Kenge aliletwa na mama yake Chapuchapu, msaidizi katika kliniki ya mifugo. Alikutwa amenasa kwenye wavu wa samaki, mguu umechanika vibaya. Idara ya wanyamapori ilimruhusu mama amtunze mpaka kidonda kipone, kisha arudishwe mtoni. Basi stoo ya nyuma ikawa makazi yake: banda la mbao na waya, karai kubwa la maji upande mmoja, na upande wa pili jiwe bapa chini ya taa kali. Kando ya jiwe kilifungwa kipimajoto. Mlangoni, kwenye msumari, ilining'inia kadi.

"Kenge hana moto wake mwilini kama sisi," mama alimweleza. "Asipoota pale kwenye jiwe, hata chakula alichomeza hakisagiki, kinamwozea tumboni. Kwa hiyo asubuhi na jioni unaingia, unasoma, unaandika. Joto likishuka, unarekebisha taa au unaita mtu mzima. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Haya. Lisije likawa sikio la kenge hilo, lisilosikia mpaka litoke damu."

Walicheka wote wawili. Lakini wiki mbili zilipita na kipimajoto kikasema neno lile lile: thelathini na nane asubuhi, thelathini na nane jioni. Chapuchapu akaanza kuchoka.

Jumatatu moja mama alisafiri na daktari kwenda kuchanja ng'ombe, safari ya siku tano. Nyumbani alibaki baba, fundi cherehani, aliyeshonea sebuleni. Kuhusu kenge, baba alikuwa na msimamo wake: "Yeye chumbani kwake, mimi chumbani kwangu, tuheshimiane."

Jioni hiyo Chapuchapu alimpa kenge samaki wawili, akapima, akaandika. Nje wenzake walikuwa wanamwita wakaruke kamba. Aliitazama kadi, akashika kalamu tena, akajaza thelathini na nane mpaka Ijumaa asubuhi.

"Si ndiyo hiyo hiyo kila siku?" alijisemea, akatoka mbio.

Tangu hapo hakuingia tena. Akipita, alichungulia mwanga chini ya mlango. Taa inawaka, basi mambo shwari.

Ijumaa asubuhi, kwa kuwa mama alikuwa anarudi, aliingia kubadilisha maji. Harufu mbaya ilimpokea mlangoni. Taa ilikuwa inawaka kweli, lakini kenge alikuwa ameparamia waya na kuisukuma, nayo ikageukia ukutani. Jiwe lilikuwa baridi. Kipimajoto kilisema ishirini na mbili. Samaki walikuwa wametapikwa, na kenge amelala macho yamezama. Chapuchapu alimgusa mkia, ule mkia uliozoea kuchapa kama mjeledi, lakini haukutikisika.

"Maskini mimi," alinong'ona. Aliigeuza taa, akafuta matapishi, akafunga mlango. Kadi hakuigusa, nafasi ya asubuhi hiyo ilikwisha jazwa.

Aliporudi shule alimkuta mama stoo, pamoja na daktari, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Jiwe lilikuwa limekwisha pata moto. Daktari alishika kadi.

"Joto halikubadilika wiki nzima," alisema. "Basi si baridi iliyomwangusha. Nadhani sumu ya kidonda imeingia kwenye damu." Akafungua mkoba. "Nitampa dawa hii kali. Mnyama aliyepoa mwili na kukaukiwa maji haiwezi, inamharibia figo. Lakini huyu alikuwa na joto zuri."

Sindano ilianza kuvuta dawa. Chapuchapu aliona haya, aliona hofu, alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha akamwona kenge anafumba jicho moja polepole.

"Usimchome, Daktari!" alipiga kelele. "Kadi ni ya uongo! Niliijaza Jumatatu. Alikuwa baridi leo asubuhi, na taa nimeigeuza mimi!"

Sebuleni cherehani ilinyamaza.

"Amekaa kwenye baridi tangu lini?" daktari aliuliza.

"Sijui."

"Hilo 'sijui' lingenisaidia kuliko namba zako zote," daktari alisema, akaiweka sindano chini.

Walimlaza kenge kwenye karai la maji ya uvuguvugu, wakampandisha joto kidogo kidogo. Siku tatu Chapuchapu hakutamani kamba wala mchezo wowote. Siku ya nne alipomgusa mkia, ulichapa ndoo ikaanguka kwa kishindo. Alikaa sakafuni akalia kwa furaha.

Mama aliichukua ile kadi. "Mwanangu, kenge hana mdomo wa kusema anaumwa. Kadi ndiyo mdomo wake, na wewe ndiye unayemsemea. Ulipoandika usichokiona, ulimsingizia kuwa mzima, na kidogo tumuue kwa maneno yako. Kazi ukishindwa, sema umeshindwa. Tutakusaidia. Uongo hatuwezi kuutibu."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Sasa irekebishe."

Chapuchapu alikata kila namba ya uongo kwa mstari mmoja, na kando yake akaandika ukweli. Mara sita aliandika: sikupima, na kwa Ijumaa asubuhi: ishirini na mbili, bila haraka.

Mwezi mzima, kila alipotoka stoo, mama aliingia nyuma yake kuhakikisha. Chapuchapu hakulalamika. Kidonda kilikaribia kufunga, na siku ya kurudishwa mtoni ikapangwa. Jioni moja mama alikuwa jikoni anamenya viazi.

"Ngapi leo?" aliuliza.

"Thelathini na nne, Mama. Limeshuka. Nimeisogeza taa, nitapima tena baada ya saa moja."

Mama alimtazama kidogo. Kisha akachukua kiazi kingine, akaendelea kumenya, wala hakuinuka kwenda kuhakikisha.