Kengele ya Abdiel

Jumanne tuliyomzika kaka Abdiel nyuma ya nyumba, kwenye migomba, hakuna kengele iliyosikika njiani. Kabla ya hapo, kila asubuhi tuliteremka kwa mbio kutoka Nkoaranga hadi barabara kubwa, yeye akiwa amefunga kiunoni kengele ya mbuzi wa bibi. Mwaka uliopita aliumia mfupa wa muundi, ndipo akajifunza kukimbia upya: hatua fupi za haraka, mguu utue chini ya mwili, usitupwe mbele. Kengele ikilia sana, alijua anatua kwa kishindo.

"Ukiisikia, Lilian, nisute," aliniambia.

Homa ya uti wa mgongo ilimchukua kwa siku nne.

Pale msibani, Derick, aliyekuwa akishindana naye shuleni, aliwanong'oneza wenzake, "Mbuzi amekata kamba." Wakacheka. Nilikuwa nimebeba sufuria ya chai. Neno hilo nililiweka moyoni.

Wiki mbili baadaye Derick alinifuata wakati wa mapumziko. Alitaka kushinda mbio za mwezi wa sita.

"Kaka yako alikuwa na siri gani?"

"Refusha hatua," nikamwambia. "Mteremkoni tupa mguu mbali, utue kwa kisigino."

"Kweli?"

"Nikufiche ili iweje?"

Akafanya hivyo. Vishindo vyake nilivisikia kabla ya kumwona, na kila kimoja kilinipa raha. Alipoanza kuchechemea, nilikwenda kaburini kumpa Abdiel habari. Nilitaka Derick avunjike.

Jumamosi moja alikuja nyumbani akiburuta mguu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona muundi umevimba hivyo?"

"Nimefuata alivyonielekeza Lilian, lakini maumivu yanazidi. Daktari anasema nisipopumzika mfupa utapata ufa." Akainamisha kichwa. "Nikipona, naomba niazime kengele ya Abdiel. Na lile neno la msibani, nilikosa."

"Kengele ilipotea," nikasema haraka.

Bibi Kaanaeli aliinuka bila kunitazama, akaingia ndani, akaitoa chini ya mto wangu.

"Ulimwelekeza nini?"

Nikasema yote. Derick hakunitukana, na hilo liliniuma zaidi.

"Neno lake lilikuwa baya, na leo amekuja kuliombea radhi mwenyewe," bibi alisema. "Wewe ulitaka alilipe kwa mfupa wake, tena kwa jina la marehemu. Abdiel alikufundisha ili mtu asiumie. Ukiyageuza mafundisho yake kuwa fimbo, unamzika mara ya pili."

Derick alipumzika wiki sita. Mbio za mwezi wa sita zilipita yeye akiwa amekaa kwenye benchi.

Moyo wangu haujatulia kabisa juu yake. Lakini kila Jumamosi tunateremka kwa hatua fupi, yeye mbele na kengele kiunoni, mimi nyuma nikisikiliza. Ikilia sana, namsuta.