Gonga Mbili Ni Simama

Fundi vioo alikuwa na desturi moja iliyowachosha wateja wake wote: hakupakia kioo kabla ya kukifuta mara mbili. Mara ya kwanza kwa kitambaa kibichi, mara ya pili kwa gazeti kavu, kisha anakiinamia kwa upande, jicho moja kalifumba, akitafuta alama ya kidole. Akiiona, anaanza upya. Jioni ile vilikuwa vioo sita, vya madirisha ya nyumba mpya ya shemeji yake, na hadi saa kumi na moja inafika yeye alikuwa bado yuko kwenye cha nne.

Binti yake alisimama mlangoni mwa karakana akimtazama. Alikuwa muuguzi katika mji mwingine, na hakuwa amekanyaga pale kwa miaka miwili. Hakuulizwa habari za safari, naye hakuuliza habari za nyumbani. Mama yake alikwisha kukaa katikati ya kiti cha pikapu, mkoba mapajani, anatazama mbele kama mtu aliyepanda gari la watu asiowajua.

Aliyewakutanisha ni Mama Mdogo, mwenye hiyo nyumba. Aliwapigia simu mmoja mmoja, akawaambia maneno yale yale. "Vioo nataka mlete nyinyi watatu. Mkija wawili, rudini navyo." Mvua zilikuwa karibu na madirisha yake yako wazi, lakini mdomo wake ulikuwa mkali vilevile. Na kwa kuwa macho ya Fundi yalikuwa hayaoni vizuri jua likizama, Muuguzi ndiye aliyepewa ufunguo.

"Nani anakaa nyuma?" aliuliza, kabla hajajizuia.

Fundi alikuwa anakaza kamba. "Hakai mtu. Nimetengeneza fremu ya kushikia vioo."

Zamani nyuma alikaa Nusu, kaka yake Muuguzi. Jina hilo alipewa mwaka kioo kilipomkata kidole cha kati cha mkono wa kulia kikabaki nusu. Mwenyewe alilipenda. Alisema yeye angalau anajua alichopungukiwa, wenzake hata hawajui. Kazi yake safarini ilikuwa kushika vioo na kuzungumza na dereva kwa kugonga bati la kebini. Moja, polepole. Mbili, simama. Tatu, nimeshika, twende. Nyumba nzima iliishi kwa lugha hiyo. Hata Mama chakula kikiiva aligonga sufuria mara tatu, na watu wakaja.

Miaka miwili iliyopita walipita njia hii hii, wote wanne. Kwenye kilima cha machimbo ya mawe kamba ilifunguka. Walipofika juu, Nusu hakuwepo, vioo havikuwepo. Walimkuta chini kwenye kona, na Muuguzi, pamoja na kazi yake yote, hakuwa na la kufanya.

Msibani watu waliuliza: kwani hakugonga?

"Hatukusikia kitu," alisema Fundi.

"Hatukusikia," alisema Mama.

"Hatukusikia," alisema Muuguzi.

Basi watu wakalijaza pengo wenyewe. Mtu mzima, mzoefu wa kazi, aanguke bila kugonga? Huo ni mkono wa mtu. Wakamtaja fundi vioo wa mtaa wa pili, aliyewahi kugombana na Fundi kwa sababu ya mteja. Wakasema ndiye aliyemfunga marehemu mikono kwa dawa. Duka lake likapigwa mawe, naye akahama na wanawe. Familia ya Fundi haikusema ndiyo, haikusema siyo. Baada ya hapo haikusema chochote tena, hata wao kwa wao.

Waliondoka jua likiwa limeegemea mapaa. Kwa nusu saa hakuna aliyefungua mdomo. Muuguzi aliendesha akingoja kuumia, maana njia aliijua na kila mti ulikuwa ule ule. Hakuumia. Alikuwa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa. Ndivyo alivyokuwa tangu siku ya maziko. Wagonjwa wake walimsifia kwa utulivu.

Ko.

Bati lililia juu ya vichwa vyao. Mara moja.

Mguu wa Muuguzi uliacha mafuta wenyewe. Pikapu ikapunguza mwendo. Barabara ilikuwa tambarare, haina hata shimo.

"Ni fremu," alisema Fundi. "Mbao haijakauka."

"Sawa, Baba."

Waliendelea. Jua likazama, taa za gari zikaanza kuonekana barabarani. Ndipo harufu ikaingia... Puti mbichi, ule udongo laini wa kubandikia vioo. Harufu ya Nusu, ile ambayo hata sabuni ya kufulia ilishindwa kuitoa kwenye mashati yake. Lakini hawakubeba puti. Puti ilitangulia wiki iliyopita, pamoja na misumari.

Mama alifungua mkoba, akatoa leso, akajiziba pua. Muuguzi akajifanya hajaona.

Kilima kilianza taratibu, kama kinavyoanza siku zote. Muuguzi alirudi gia ya pili. Injini ikaanza kulalamika. Upande wa kushoto palikuwa na machimbo, meupe gizani.

Ko. Ko.

Mbili.

"Usisimame," Fundi alinong'ona. "Kilima hiki ukisimama gari halipandi tena. Tutasimama juu."

Muuguzi aliyakumbuka maneno hayo, Baba aliyasema siku ile akiwa kwenye usukani. Yalikuwa yale yale, neno kwa neno, na mahali palikuwa hapa hapa.

Ko. Ko.

"Mwache," Mama alisema kwenye leso, macho kayafumba, kama mtu anayeota. "Anataka kuvuta sigara tu."

Na hayo pia aliyakumbuka. Akateremsha macho, akauona mkono wake mwenyewe wa kushoto. Ulikuwa umeacha usukani bila yeye kujua. Ulikuwa umeshika kitufe cha redio, tayari kuongeza sauti.

Kwa sababu siku ile Nusu aligonga. Aligonga mbili, akarudia, akarudia tena. Kebini nzima ilimsikia. Na kila mmoja alikuwa na sababu yake ndogo.

Ko ko. Ko ko. Ko ko.

Bati lilibonyea. Lilibonyea kweli, kwa ndani, juu ya kichwa cha Mama, pana kama ngumi.

"Mwanangu, nakuomba, endesha," alisema Fundi.

Muuguzi alikanyaga breki.

Gari likazima. Likaserereka nyuma hatua moja, mbili, vioo vikilia, kisha breki ya mkono ikashika. Pakawa kimya. Hakuna upepo, hakuna mdudu. Kidirisha kidogo kilichokuwa nyuma ya visogo vyao, ambacho mpaka sasa kilikuwa kinaingiza mwanga kidogo wa jioni, kikaingia giza. Kitu kilikuwa kimekiziba.

Hawakugeuka.

Muuguzi alisikia pumzi kwenye kioo kile, karibu kabisa na shingo yake. Ya mtu aliyechoka kushika kitu kizito.

"Nilisikia, Kaka," alisema. Sauti ilitoka kavu. "Nilikusikia. Ulikuwa wimbo ninaoupenda, nikaongeza redio."

Bati likalia kidogo, kama mtu aliyehamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

Mama alishusha leso. "Mimi nilisikia, baba. Nikasema unataka sigara. Nilikuwa nimekasirika asubuhi, kwa neno hata silikumbuki sasa. Nikasema uache usumbufu." Akamgusa mumewe begani. Kisha akasema, "Baba watoto. Sema."

Fundi alitazama mbele. Pumzi ile nyuma ikawa nzito zaidi, na bati likaanza kushuka tena, polepole, likaigusa kofia yake.

"Baba," alisema Muuguzi. "Hatuwezi kukaa hapa."

"Alishikilia siku zote," alisema Fundi. "Mara ngapi aligonga, nikasema subiri, akasubiri? Nilisikia ya kwanza chini pale. Nikasikia ya pili. Nilikuwa nimechelewa kwa mteja. Nikasema moyoni, huyu atashika." Akavua kofia. "Kwenye kona nilisikia kishindo. Hata kishindo nilikisikia. Nikapanda mpaka juu ndipo nikasimama. Na yule jamaa wa mtaa wa pili hakufanya kitu, nikaacha watu wampige mawe kwa sababu ilinifaa."

Akalia. Muuguzi hakuwahi kumwona baba yake akilia, hata kaburini. Ndipo ganzi ilipoachia, na maumivu ya miaka miwili yakamwingia yote kwa pamoja, mpaka akaulalia usukani. Mama aliwashika wote wawili, mmoja kila mkono. Walilia hapo katikati ya barabara kama watu waliopata habari jioni ile ile.

Kidirisha kikarudi kuwa na mwanga.

Ko. Ko. Ko.

Tatu. Taratibu, bila hasira.

Gari liliwaka kwa jaribio la kwanza na kupanda kilima kana kwamba hakikuwa kilima.

Safari iliyobaki walizungumza. Mama alisimulia Nusu alivyompimia mteja dirisha akiwa na usingizi, akamletea kioo cha kutosha mlango. Fundi alicheka akapaliwa. Walikubaliana kwamba Jumapili watamtafuta yule fundi wa mtaa wa pili, popote alipohamia, wamwambie ukweli mbele ya wanawe. Mama Mdogo aliwapokea na taa mlangoni, akawatazama macho yao yaliyovimba, akasema tu, "Haya. Sasa mmekuja," kisha akawaacha washushe mzigo.

Kamba ya upande wa kulia ilikuwa imefunguka. Fremu ilikuwa imelegea, na ncha yake ya juu imeegemea kebini.

"Mnaona," alisema Fundi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba akubaliwe. "Ni fremu iliyokuwa inagonga. Kona moja zaidi na vioo vingekwenda vyote."

Muuguzi alitaka sana kuamini. Wakavishusha kimoja kimoja, wakitoa magazeti yaliyowekwa katikati yao. Cha kwanza safi. Cha pili safi. Mpaka cha tano safi, kama kilivyopakiwa. Fundi alikiinamia cha sita kwa taa, jicho moja kalifumba, kisha akalifumbua.

Alama ya kiganja ilikuwa upande ule uliolaliwa na kioo cha tano, gazeti katikati, ambako hata karatasi ya pili isingepenya. Mkono wa kulia. Vidole vinne vizima, na cha kati nusu.

Fundi alichukua kitambaa kwa mazoea.

"Usikifute," alisema Mama.

Basi Mama Mdogo alipata madirisha matano siku ile, na la sita alikatiwa kioo kingine baadaye. Chenye kiganja kilirudi nyumbani, kikawekwa kwenye dirisha la sebuleni.

Yule fundi wa mtaa wa pili walimpata. Hakuwakaribisha ndani. Alisimama mlangoni na wanawe nyuma yake, akasikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango bila neno. Fundi alisema hiyo pia ni haki yake. Jumapili iliyofuata akaenda kwa wazee wa mtaa, akarudia maneno yale yale hadharani, na wapo ambao mpaka leo hawamsalimii.

Muuguzi sasa alikuwa akija nyumbani kila mwisho wa mwezi. Hakuwa na furaha hasa, lakini alilala usingizi, na Mama na Fundi walikuwa wakigombania chumvi kama zamani. Kilichomsumbua ni kile kioo tu. Asubuhi za baridi, mvuke ulikizunguka kiganja, kama wa mtu anayepumua kwa karibu. Mama alikwenda nje kuufuta, haukutoka. Alipoingia, akagusa kwa kidole, ukatoka. Ulikuwa upande wa ndani.

Jioni moja walikuwa wameketi sebuleni, wote watatu, wanangoja maharage yaive.

"Mama," alisema Muuguzi, "pale kilimani alipogonga tatu, mimi nilidhani anatuaga."

Mama alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja.

"Tatu si ya kuaga, mwanangu. Tatu hugongwa na aliyekwisha kupanda."

Fundi hakubisha.

Jikoni, ambako hakukuwa na mtu, sufuria ikagongwa. Mara tatu. Taratibu.

Walitazamana. Muuguzi alihisi ule mkono wake wa kushoto ukitaka kutafuta kitu cha kuongeza sauti, akaukalia. Kisha Fundi akainuka wa kwanza, akakunja mikono ya shati, akaenda kunawa. Mama akafuata. Hakuna aliyesema hakusikia.