Celica Juu ya Matofali

Muuza tairi wa kwanza alimwambia aende akamlete mume wake. Wa pili alimtazama kuanzia viatu vyake vyekundu hadi kilemba, kisha akamuuliza kama anatafuta tairi la kukatia kandambili. Kwa hasira Scholastique alikanyaga tope la soko la mji wa Bunia, pikipiki zikimpigia honi, na kusimama mbele ya kibanda cha tatu.

"Iko jante ya quatorze," alisema kabla hajasalimiwa, akimaanisha rimu ya inchi kumi na nne. "Celica, milango mbili. Na kama unataka kuniuliza bwana yangu iko wapi, najibu mbele: sina bwana."

Mwenye kibanda aliitwa Fiacre. Alikuwa mrefu, amevaa ovaroli iliyokatwa mikono, na shati ndani yake lilikuwa safi kuliko ilivyotegemewa kwa mtu mwenye viganja vyeusi vile.

"Mama, mimi sijauliza kitu," alisema.

"Uso wako umeuliza."

"Uso wangu iko nashangaa. Celica mu Bunia iko moja tu, ile nyekundu ya muzee Lambert. Na ile inalala juu ya matofali, haina miguu."

"Muzee Lambert alikuwa papa yangu."

Fiacre akavua kofia. Alilijua jambo lile. Mji mzima ulilijua. Miaka yote ya vita, watu wa Bunia walikuwa na njia yao ya kuokoa magari. Uliinua gari juu ya matofali, ukang'oa magurudumu, ukayaficha, maana mwenye bunduki hawezi kuondoka na gari lisilo na magurudumu. Aliyeyaficha hakumwambia mtu hata mmoja nyumbani, ili wakija kupigwa wasiwe na la kusema. Mzee Lambert alifanya hivyo. Mwezi wa tano, mji ulipowaka, alitoka kutafuta unga akapigwa risasi njiani, na mahali pa magurudumu akaenda napo kaburini. Mkewe na binti yake walichimba bustani, wakachimba nyuma ya choo, wasipate kitu.

Kwenye matanga watu walisifu: mzee aliwapenda watu wake mpaka akawafichia siri. Scholastique hakukubali. Mwanaume unaishi na mkeo maisha mazima, unakula chakula chake, unazaa naye, halafu humwamini hata kwa shimo moja ardhini? Kwake yeye hayo hayakuwa mapenzi. Yalikuwa matusi, na kwa kuwa aliyetukana alikuwa amekufa, hapakuwa na wa kumjibu.

Sasa ulikuwa mwaka wa pili tangu azikwe. Askari wa kulinda amani, wale wa kofia za buluu, walilinda boulevard, barabara kuu ya mji, mchana, japo mitaa ya ndani bado ilikuwa mikononi mwa vijana wenye bunduki wa kamanda mmoja wa wanamgambo. Scholastique alikuwa na cherehani yake na wateja wake, na alitaka gari la baba yake litembee tena. Hilo tu.

Fiacre alikuja nyumbani kupima. Alilala chini ya gari, akapitisha mkono, akatoka na vumbi kwenye nyusi.

"Nitakuwekea mapine murefu," alisema, akimaanisha tairi za kuinua gari juu. "Barabara ya huku itakula tumbo ya hii gari."

"Uisimamishe kama mbuzi juu ya jiwe? Papa alikuwa na mapine ya chini, mupana. Ile njo nataka."

"Papa yako alitembezaka wakati iko goudron, lami safi. Sasa iko mashimo."

"Basi nitakwepa mashimo. Mimi njo nitashika volan, si weye."

Walibishana siku ile, wakabishana kwa simu siku zilizofuata, mpaka kubishana kukawa kisingizio cha kupigiana. Scholastique akawa anaweka simu juu ya meza ya cherehani, karibu na mkasi, na ikichelewa kulia anawafokea wateja bila sababu. Mwishowe Fiacre alipanda lori kwenda Aru, mpakani, ambako mali hupita kutoka Uganda, na akampigia kutoka huko.

"Sheri, nimepata."

"Sheri ni nani?" aliuliza, kana kwamba hajui ndivyo mtu anavyomwita mpenzi wake.

"Ni mutu moja mukali hivi, anashonaka nguo. Sikiliza. Iko mapya, inang'aa, bei muzuri. Lakini ilikaa sana ku jua, nikikunja mpira unapasuka pembeni. Na iko ingine ilishatumika, mupana kidogo, haiko chini sana, haiko murefu sana. Meno yake nzima. Ile mapya itakupendeza macho."

Scholastique alipenda kwamba amemwambia ubaya wa ile inayong'aa, na alipenda zaidi kwamba amengoja jibu.

"Chukua ile ungeweka kama weye ungekaa ndani," alisema.

"Mi nitakaa ndani?"

"Hiyo bado haujaambiwa."

Alikaa ndani. Jumapili baada ya misa Scholastique alivaa kitenge cha kijani alichokishona mwenyewe, mikono ya puto na kiuno kimebana, akaiteremsha Celica kwenye boulevard. Tairi zilizotumika zilishika tope vizuri kuliko alivyokubali kusema. Fiacre, amevaa suruali ya kitambaa na viatu vilivyong'arishwa, alikunja miguu yake mirefu hadi magoti yakagusa dashibodi, na kila waliporuka shimo alisema "mapine murefu" kwa sauti ya chini, naye Scholastique akimpiga kofi la begani. Walipofika mwisho wa boulevard walisimama wakanunua mahindi ya kuchoma. Fiacre akamfuta masizi shavuni kwa kidole kilichokuwa cheusi zaidi, akamchafua, na wote wawili wakacheka mpaka muuza mahindi naye akacheka. Kuanzia siku hiyo mtaa mzima ulijua.

Kisha alasiri moja alirudi kutoka kwenye cherehani akaikuta Celica juu ya matofali. Magurudumu yote manne hayapo.

Angèle, jirani yao, alikuwa akianika mihogo upande wa pili wa ua.

"Ni Fiacre," alisema. "Alikuja na pousse-pousse, ule mukokoteni, akatosha mapine yote mu gari, akaenda mbio. Hata sikumusalimia muzuri. Asubuhi nilimuona kule kwa kamanda, anatengeneza mapine ya jeep yao."

Scholastique alimpigia Fiacre simu palepale.

"Mapine yangu iko wapi?"

"Sheri, usiniulize."

"Nakuuliza. Umeipeleka kwa kamanda?"

Alisikia nyundo ikigonga kwenye simu, mahali fulani nyuma ya Fiacre.

"Fiacre, umeniiba?"

"Fikiri vile unataka," alisema kwa sauti nzito, na simu ikakatika. Alipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Alilia kwa hasira. Alijiona mjinga wa kwanza Bunia nzima, mwanamke aliyefungua lango mwenyewe, akamwonyesha mwizi mahali pa kuweka jeki, na kumpa mahindi juu. Machozi yalikuwa hayajakauka pale vijana wawili wa kamanda walipoingia uani, bunduki begani, mmoja amevaa miwani ya kike.

"Tunakuja kuchukua gari," alisema wa miwani. "Kamanda ameipenda." Akaona matofali, uso ukambadilika. "Mapine umeficha wapi?"

"Mimi?" Scholastique aliwasogelea badala ya kurudi nyuma. "Munaniuliza mimi? Nendeni mukamuulize ule mwizi Fiacre ku soko. Yeye njo alitosha mapine."

Walitazamana. Hasira ile haikuwa ya kuigiza, hata mtoto angeona. Wakageuka wakaenda, na ilipita karibu nusu saa ndipo akili yake ilipomrudia. Kama Fiacre ameyapeleka kwa kamanda, hawa walikuwa wanatafuta nini?

Alikimbia bila viatu. Alipofika sokoni kibanda kilikuwa kimepinduliwa, na akina mama wa mboga walikuwa bado wanapiga sufuria na kuzomea, maana ndivyo walivyowafukuza vijana wale: walipiga kelele mpaka doria ya kofia za buluu ikakata kona kuja kutazama. Fiacre alikuwa amekwisha kubebwa kwa dada yake.

Alimkuta amekaa kwenye kiti cha mianzi, jicho moja limevimba na kufumba, mdomo umepasuka. Dada yake alimpa Scholastique bakuli la uji na kijiko, kisha akatoka nje.

"Uliwaambia?" Scholastique aliuliza.

"Hapana."

"Basi niambie mimi vile ilikuwa."

Alisema polepole kwa sababu ya mdomo. Asubuhi, akiwa chini ya jeep yao, alisikia wanapanga kuja kuchukua gari nyekundu siku ileile. Hakungoja hata kulipwa. Alijua wakimkuta Scholastique anajua, watampiga mpaka aseme, na alijua pia kwamba mwanamke huyu hajui kudanganya. Afadhali amkasirikie yeye Fiacre, hasira yake iwe ya kweli.

Fiacre alitegemea atabembelezwa. Scholastique aliweka bakuli chini.

"Kwa hiyo ulinitumia," alisema. "Ulichukua hasira yangu ukaifanya kufuli ya mulango yako. Unajua nani aliwatuma kwako? Mimi. Kama ningejua kitu, ningesema sijui, wangenipiga kofi mbili, ingeisha. Sasa wangekuua, Fiacre. Na mi ningebaki kusema pale ku matanga kama mwizi amekufa, ni muzuri. Ungenifanya niseme vile juu yako."

"Sikutaka wakuguse."

"Papa pia hakutaka. Siye tulichimba uwanja yote na mikono, mama anaanguka, anaamuka, anachimba. Haikuwa mambo ya mapine, weye. Tulikuwa tunatafuta kama alituamini hata kidogo. Mwanaume wa hapa anafikiri kufa na siri ni kupenda. Nani aliwafundisha hiyo? Nani aliwaambia siye wanawake hatuna meno ya kufunga?"

Jicho zima la Fiacre lilimwangalia, na lilikuwa na maji.

"Mi sitaolewa na mutu ananificha kitu," alisema Scholastique. "Heri ile gari ioze pale juu ya matofali."

"Nani ameongea mambo ya kuoa?"

"Mimi. Nimeongea mimi, juu weye ungeificha na hiyo."

Fiacre alijaribu kucheka, mdomo ukamuuma, akashika shavu. Nje dada yake alikuwa akitwanga, na sauti ya mchi ilitosha kufunika maneno. Vijana wa kamanda wangeweza kurudi kesho, au leo jioni. Wote wawili walilijua hilo. Fiacre akamwita karibu kwa kidole, naye akainama mpaka pumzi yake ikamgusa sikio.

"Iko kwa Tharcisse, ule seremala wa nyuma ya paroisse, pale ku kanisa," alinong'ona. "Ndani ya majeneza mapya. Mbili mbili. Hakuna mutu anafunguaka."

Scholastique alinyooka.

"Mapine yangu mu sanduku ya maiti? Haukuona fasi ingine?"

"Weye ungeweka wapi?"

Alifikiri, asipate mahali bora, na hilo likamuudhi zaidi. Aliokota bakuli akachota uji.

"Tharcisse anajua kama mi najua?"

"Hapana."

"Mwambie. Na akisogeza, anaambia siye wawili, haiko weye peke yako. Sasa wakirudi, tuko wawili wa kupigwa."

"Njo ndoa, hiyo?" aliuliza Fiacre.

"Njo ndoa. Fungua mudomo."

Akamlisha kijiko baada ya kijiko, na kila alipogutuka kwa maumivu alimgombeza akae sawa, kwa kuwa uji wa watu haumwagwi.