Santuri ya Mizunguko Thelathini na Tatu

Mikono miwili iliishika santuri moja kwa wakati mmoja. Ilikuwa Desemba, asubuhi, na bustani ya jiji la Cali ilijaa wauza santuri, kila meza na muziki wake: salsa huku, kumbia kule, bolero kivulini.

"Achia, kaka," alisema Fanory. Alivaa gauni la njano na viatu vyeupe vya kuchezea dansi. "Nimeiona mimi kwanza."

"Umeiona. Mimi nimeishika," alijibu Duván, mpiga gitaa mwenye sauti nzito.

"Lafudhi hiyo ya Medellín! Nyie si watu wa tango, mnalia huku mmesimama? Salsa utaifanyia nini?"

Duván akacheka, akaachia. Meza ilikuwa ya Ofir, shangazi yake Fanory. Mama huyo aliiweka santuri kwenye mashine, akasukuma swichi ya kasi hadi mizunguko arobaini na tano kwa dakika.

"Mama, hiyo ni ya thelathini na tatu! Unaikimbiza!" Duván alimaka.

"Mwanangu, miguu ya Cali haina subira."

Fanory akacheza. Duván alisahau kupumua. Hakujua kwamba mwili wa binadamu unaweza kuusikia muziki kabla haujafika.

Kwa miezi minane Duván alipanda basi kila baada ya wiki mbili kuja kumwona. Siku nyingine alimpigia gitaa kwenye simu.

"Imba basi, mpenzi."

"Mimi siimbi, kipenzi. Gitaa litanisemea."

Agosti alimkabidhi santuri ndani ya karatasi nyeupe, yenye jina la Fanory tu. "Humu mna siri yangu," alisema, masikio yamemwiva kwa haya. "Isikilize peke yako, kisha unijibu." Akakimbilia basi.

Nyumbani, kidole cha Fanory kilisukuma swichi chenyewe, kama kilivyozoea tangu utotoni. Gitaa likaanza mbio. Kisha ikaja sauti nyembamba ya mwanamke: "Usiniache. Nipe mkono wako, tuzeeke pamoja."

Siri! Kumbe ana mwanamke mwingine! Machozi yakamtoka.

Simu ilipolia, hakumpa nafasi ya salamu. "Nimeisikiliza."

"Ehe? Na jibu lako?"

"Hapana, Duván! Hapana mara mia! Usinipigie tena!"

Kule Medellín, Duván alikaa kitandani, simu mkononi. Aliomba kitu kimoja tu, akanyimwa. Hakupiga tena.

Wiki tatu baadaye Fanory aliitupa santuri mezani kwa Ofir, kulekule bustanini. "Iuze, ivunje, shauri yako."

"Kaimba nani?"

"Mwanamke wake."

Ofir aliinua santuri juani, akasoma tarakimu zilizokwaruzwa karibu na tundu. "Uliicheza kwa ngapi?"

"Kwa ngapi tena, shangazi? Si kwa..." Akaitazama swichi.

Ofir akashusha sindano, kisha akarudisha swichi hadi thelathini na tatu. Sauti ile ya mwanamke ikaanza kuteremka, kidogo kidogo, kama mtu ashukaye ngazi gizani, mpaka ikasimama kwenye kifua kilekile ambacho Fanory alikilalia mara nyingi. Duván! Duván asiyeimba! Mshindo wa kila neno ulipita mezani, ukamwingia mifupani. Wapita njia walisimama. Mwuza matunda alivua kofia. Fanory alifunika mdomo kwa viganja viwili, kama aliyeonyeshwa bahari kwa mara ya kwanza.

Akampigia Duván simu.

"Usikate, tafadhali."

"Uliyekata ni wewe," Duván alisema taratibu.

"Niliicheza kwa arobaini na tano."

Kikaja kicheko kizito. "Mungu wangu! Nilisikikaje?"

"Kama mwanamke mrembo. Nilimchukia sana."

"Na sasa?"

"Niulize tena. Wewe mwenyewe. Polepole."

Duván akaimba, bila gitaa. Meza zote zilikuwa zikipiga salsa, lakini miguu ya Fanory ilitulia. Alimsubiri amalize hadi neno la mwisho, ndipo akasema, "Ndiyo."